Mbwa Wanne wa Shefu Gaspari na Neno Moja la Jikoni

Nyinyi vijana mnaokuja kwenye parsele yangu, uwanja wangu wa nyumbani hapa Shari mjini Bunia, mkivuta mbwa kwa kamba ya mbuzi, nimeshawazoea. Mnanionyesha simu. Ndani ya simu kuna mbwa wa Ulaya anaruka vizuizi, anaingia kwenye bomba upande huu na kutokea upande ule, anapita katikati ya vijiti kama maji, na mwenye mbwa anakimbia kando yake akinyoosha kidole tu. Halafu mnaniuliza, "Mama Masika, imbwa yetu itafanya hivi kisha siku ngapi?" Na mbwa mwenyewe wakati huo anakojolea ndoo yangu.

Haya, mwondoeni kwenye ndoo, mkae. Nitawaambia mimi nilivyoanza, maana nilianza vibaya kuliko nyinyi wote. Nilianza nikiwa mpishi, na nilikuwa naogopa mbwa kiasi cha kupanda juu ya meza.

Tulitoka Butembo, mimi na bwana yangu Jonasi, yeye akifuata biashara ya mbao. Mimi sikutaka kukaa nyumbani kuhesabu mabati, nikatafuta kazi. Kampani moja ya ulinzi hapa Bunia ilikuwa inatafuta mtu wa kuwapikia walinzi. Hawakuniambia kwamba walinzi wengine wana miguu minne. Siku ya kwanza nilipofunua sufuria niliona vichwa vinne kwenye mlango wa jikoni, masikio yamesimama, kila kichwa kikubwa kama cha ndama. Hao walikuwa Rex, Sultani, Bruno na mama mzee Dona, mbwa wa Kizungu walioletwa na lori kutoka Kampala. Walinzi walinikuta juu ya meza ya kukatia vitunguu.

Msimamizi wa mbwa alikuwa Shefu Gaspari; kwetu shefu ni mkuu wa kazi, si mpishi. Alikuwa na buti zinazong'aa hata katika vumbi letu jekundu, na filimbi shingoni, na karatasi ya masomo ya Kinshasa aliyoitundika ukutani ndani ya kioo. Aliwapigia mbwa kelele kwa Kifaransa tu. "Asi!" maana yake kaa. "Kushe!" maana yake lala. Na katika mkono wa kuume alikuwa na fimbo.

"Weye mupishi," aliniambia, "usiongee na imbwa zangu. Zinasikia Kifaransa tu."

"Nitaongea nazo nini, Shefu? Miye siko na habari yao."

Lakini habari nilikuwa nayo kila saa sita mchana. Jikoni kulikuwa upande mmoja wa uwanja, vibanda vya mbwa upande mwingine, na saa hiyo mbwa walikuwa wamefunguliwa. Nilipaswa kuvuka na beseni la bugali lililochanganywa na samaki ndogondogo zilizokaushwa za Kasenyi. Mbwa wote wanne walikuwa wananirukia. Mimi nilikuwa napiga kelele, "Ngoja kwanza! Kwanza! Kwanza!" na kuwatupia samaki ili waende mbali.

Sasa sikilizeni, hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nyinyi nyote mnalifanya. Nilikuwa nawalipa samaki kwa sababu ya kunirukia. Mbwa si mjinga. Akiruka, samaki anashuka kutoka juu, basi kesho ataruka zaidi. Waliruka mpaka nikawa navuka uwanja kama mtu anayecheza ngoma.

Kilichonisaidia ni uchovu wa Dona. Alikuwa na mifupa ya uzee. Siku moja, wengine wakiruka, yeye alikaa chini mbele yangu akanitazama tu. Mimi nikasema "Kwanza!" kama kawaida, samaki akaniponyoka, akaanguka kinywani mwake moja kwa moja. Kesho yake Dona akakaa tena. Nikampa tena, maana aliyekaa hakunitisha. Wengine wakamwangalia Dona, wakaangalia samaki. Baada ya siku chache nikisema "Kwanza!" wote wanne wanakaa, mstari mmoja, kama wanakwaya.

Na mimi sikujua kwamba nimefundisha kitu. Nilidhani Mungu amejibu maombi. Hata kanisani nilisimama nikatoa ushuhuda kwamba Bwana amefunga vinywa vya mbwa, na watu wakapiga makofi.

Sasa Patroni, mwenye kampani, akaleta wafanyabiashara fulani waje kuona mbwa. Shefu Gaspari alimvalisha mlinzi mmoja kipande cha godoro mkononi, akamwambia akimbie kama mwizi. Mlinzi akakimbia. Shefu akanyoosha mkono, akapaza sauti, "Atak!" Mbwa wanne wakatoka kama risasi.

Wakati huohuo, mlangoni mwa jikoni, mama muuza samaki alikuwa amechoka kuningoja. Alibeba beseni lake kichwani akaanza kwenda, na mimi nilikuwa sijamaliza kuchagua. Nikamwita kwa sauti yote niliyo nayo: "Kwanza!"

Mbwa wakafunga breki. Vumbi likapanda. Liliposhuka, wote wanne walikuwa wamekaa mstari mmoja, wameupa mgongo uwanja, wanaangalia jikoni, ndimi nje. Mwizi wa godoro hakujua. Aliendelea kukimbia mpaka kwenye ua, akaupanda, akaangukia upande wa barabara. Shefu akapiga filimbi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. "Atak! Atak!" Dona akapiga miayo.

Wageni walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Patroni hakucheka.

Shefu alinikuta jikoni. "Umetia nini mu chakula?"

"Chumvi kidogo, Shefu."

"Weye ni ndoki!"

Ndoki ni mchawi. Mimi, ambaye bwana yangu Jonasi ni shemasi kanisani, ndoki. Lakini hilo halikuwa baya zaidi. Mwezi huo mbwa walikuwa wamewauma watu wetu wawili: mlinzi aliyekuwa anawaletea maji, na fundi aliyekuja kutengeneza mlango. Patroni akatukusanya wote uwanjani.

"Imbwa zinauma watu yetu," alisema, "na mwizi akipita zinakaa. Miye nitafuga kitu kama hii juu ya nini? Ninawapa wiki sita. Wageni watarudi. Kama imbwa hazisikii mbele ya watu, muganga wa wanyama atakuja na sindano, tumalize."

Hakuna mtu Bunia nzima angechukua mbwa walioshauma watu, hilo tulilijua wote. Nilipaswa kufurahi. Ningevuka uwanja wangu kwa amani. Lakini siku ileile nilipokuwa nachambua sombe, majani ya mihogo, kwenye kivuli cha jikoni, Dona alikuja akaweka kidevu chake juu ya mguu wangu. Sikuthubutu kusogea. Nilichambua majani yote nikiwa nimekaa vile, mguu ukafa ganzi, na nilipomaliza nilikuwa nalia, na si kwa sababu ya ganzi.

Mtu aliyenifungua macho ni Muzee Androzo, mlinzi wa mlango mkubwa. Alikuwa mtu wa Aveba, mfupi, na kabla ya kuvaa yunifomu alikuwa mwindaji. Aliwinda na mbwa wa kwetu, wale wadogo wekundu wasiobweka. Wawindaji wanawafunga kengele ya mti shingoni ili wawasikie porini. Alikuwa ameona kila kitu kutoka kwenye kiti chake, na alicheka mpaka akakohoa.

"Mama Masika, unajua ulifanya nini?"

"Niliita muuza samaki."

"Hapana. Ulifundisha imbwa ine neno moja, bila fimbo, bila filimbi. Shefu iko na mwaka mbili hapa, zinamuogopa tu."

"Lakini miye sikufundisha, Muzee. Miye niliogopa."

"Basi sasa utafundisha na akili. Kuja. Weye iko imbwa."

"Nini?"

"Weye iko imbwa, miye niko bwana yako. Kuko kitu moja ninataka ufanye, lakini sikuambii. Ukienda karibu nayo, ninagonganisha mikono yangu, kofi moja. Ukienda mbali, ninanyamaza. Haya."

Vijana, jaribuni mchezo huo kabla ya kununua hata kamba. Nilizunguka uwanja kama mtu aliyepoteza ufunguo. Nikienda mlangoni, kofi. Nikagusa mlango kwa mkono, kimya. Nikaugusa kwa kichwa, kimya. Nikageuka nikaupa mgongo, kofi! Nikapiga magoti, kimya. Nikajisugua kwenye bati kama ng'ombe mwenye kupe, walinzi wote wametoka kutazama, mmoja ameketi chini kwa kicheko. Mwisho kiwiko changu kikagusa bati kwa bahati, na Muzee akapiga makofi mengi akanipa karanga. Nawaambia kweli, ile furaha sijaisahau. Nilitaka kugusa mlango kwa kiwiko siku nzima.

"Umeona?" akasema. "Haukukataa. Ulikuwa unatafuta. Sasa fikiri kila mara ukikosa, ninakupiga fimbo. Ungegusa mulango?"

"Ningeenda kwetu."

"Imbwa haiwezi kwenda kwao. Njo maana inauma."

Tangu siku hiyo tulifundisha kwa siri. Shefu Gaspari alikuwa mtu wa saa: saa sita na nusu anakwenda kwake kula, saa nane anarudi. Muda wetu ulikuwa huo, lakini saa sita jua la Bunia ni kali, na bati na mbao zinaunguza nyayo za mbwa. Kwa hiyo tulijenga kila kitu nyuma ya ghala, penye kivuli. Nanyi fanyeni hivyo. Weka kiganja chako juu ya ubao: kama huwezi kukiacha, na mbwa asipite.

Tulitumia vitu vilivyotupwa. Gurudumu la lori, mpira mtupu bila chuma, tulilining'iniza chini kabisa, likigusa ardhi, ili mbwa apite katikati bila kuruka. Vijiti vya mikaratusi tuliviweka ardhini, kwanza mbwa avuke tu kwa kutembea, halafu juu ya tofali moja. Mnanisikia? Tofali moja. Kijana mmoja aliniletea mtoto wa mbwa wa miezi mitano aliyemrusha juu ya meza kila siku, mbwa akaanza kuchechemea. Mbwa mdogo mifupa yake bado ni laini; kizuizi kisipite magoti yake mpaka amalize kukua. Na pipa la mafuta tulilikata pande zote mbili, tukaponda kingo kwa nyundo, tukazifunga mpira wa ndani wa gurudumu ili zisikate mtu.

Ubao wa kutembea juu yake nilimwibia bwana yangu. Jioni Jonasi akaniuliza, "Mbao yangu ile murefu iko wapi?"

"Imbwa zinatembea juu yake."

 Alikuwa shemasi, na alikuwa bado anajieleza kwa watu juu ya ule ushuhuda wangu. Mwishowe akasema, "Basi chukua ingine. Ile itapinda." Kesho yake alileta mwenyewe ubao mnene, na akabaki nyuma ya ghala kutazama, akijifanya anapima kitu.

Samaki niliwakata vipande vidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Mbwa hataki kushiba, anataka kujua. Na umpe palepale, kabla hujapumua mara mbili. Ukichelewa, amekaa, amesimama, amejikuna, na wewe unamlipa kwa kujikuna. Tulifundisha muda wa chai kuchemka, basi. Tuliacha wakiwa bado wanataka.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwa Sultani. Alikula kiatu changu kimoja cha Jumapili. Nilimwona kwa mbali akiwa na ngozi ya kiatu mdomoni, nikamwita kwa sauti tamu, "Sultani, kuja!" Akaja mbio, mkia unazunguka. Nikampiga na mwiko wa bugali. Muzee Androzo aliona, akavua kofia.

"Umemufundisha vizuri," alisema. "Sasa anajua: Mama akiniita, ni kupigwa."

Ilichukua zaidi ya wiki mbili Sultani kukubali tena neno lile. Nilimwita na kumpa samaki, nikamwita na kumkuna sikio, nikamwita na kumwachia aende zake. Mbwa aliyekuja akiitwa asipigwe hata kama amekula Biblia. Kama unataka kumgombeza, wewe nenda kwake, na ukifika utakuta hasira imepungua njiani.

Siku moja mvua ilitisha, na Shefu akarudi mapema. Alitukuta nyuma ya ghala, Bruno akiwa ndani ya pipa, kichwa chake kimetokea upande wetu. Mbwa walipomwona Shefu wakalala chini, masikio yamebanwa. Bruno akarudisha kichwa ndani.

"Munafanya nini?"

"Tunaficha imbwa, Shefu," Muzee akasema. "Mvua iko inakuja."

"Mu pipa?"

"Nyumba yake inavuja."

Shefu aliangalia pipa, akaangalia mpira uliofungwa kwenye kingo, akaangalia gurudumu. Nilidhani imekwisha. Aligeuka. Alikwenda, na kesho yake saa sita na nusu kamili akaenda kwake kula kama kawaida. Mpaka leo sijui kama alielewa.

Nitoke kidogo kwenye njia, maana hili mtalihitaji. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa na jina, mfanyabiashara mmoja aliniita nyumbani kwake, Mama Kahambu, muuza vitenge. Mbwa wake "hasikii." Nikaomba kila mtu amwambie akae. Baba akasema, "Asi!" Mama akasema, "Ikala!" Mjomba aliyekuja kutoka Kisangani akasema kwa Kilingala, "Vanda!" Bibi alipiga makofi, na binti akasema, "Kaa vizuri mpenzi, tafadhali, kaa basi, kaa nimesema!" Mbwa akaingia chini ya kabati akalala. Nilimtetea. Niliwaambia wachague neno moja, waliandike mlangoni kwa chaki. Waligombana juu ya neno hilo wiki nzima, baba akaacha kula nyumbani siku mbili, lakini walipopatana, mbwa alijifunza asubuhi moja. Neno liwe lolote. Langu lilikuwa neno la mtu mwoga mwenye beseni, na lilifanya kazi.

Turudi. Wiki sita zikaisha. Patroni alipanga viti vya plastiki uwanjani, wageni wakakaa, na kwenye kiti cha mwisho akakaa muganga wa wanyama na mfuko wake magotini. Vizuizi vyetu tulikuwa tumevitoa nyuma ya ghala, Muzee na mimi, na Shefu alivikuta vimepangwa uwanjani. Patroni alidhani ni yeye aliyevitengeneza, akampongeza. Shefu hakukataa. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga nyama ya wageni.

Shefu akamwita Rex mbele. "Asi!" Rex akajikunja, mkia katikati ya miguu. "Asi!" Shefu akainua mkono. Fimbo hakuwa nayo siku hiyo, lakini mkono Rex aliujua. Midomo ikapanda, meno yakaonekana. Mgeni mmoja akasimama. Mwingine akasogeza kiti. Muganga akafungua mfuko wake.

Kutoka mlango wa jikoni nilimwona Muzee Androzo kwenye kiti chake. Alinitazama, hakufanya ishara yoyote. Sijui miguu yangu ilinitoa vipi. Nilijikuta uwanjani, kikwembe, kitenge changu cha kiunoni, kina mafuta, mwiko mkononi.

"Shefu, shusha mukono."

"Rudi ku jikoni!"

"Shusha mukono, Shefu. Anaogopa mukono."

Aliushusha. Sisemi kwamba alinitii. Nadhani ni kwa sababu meno ya Rex yalikuwa karibu na suruali yake. Nikasema, polepole kama mtu anayeongea na mtoto mgonjwa, "Kwanza."

Rex akakaa. Nyuma yake wengine watatu wakakaa. Nikasikia nyama yangu inaungua jikoni.

Basi nikawapitisha mmoja mmoja. Rex alivuka ubao, akapita gurudumu, akaruka vijiti, akarudi kukaa. Bruno aliingia kwenye pipa, akaona ni kivuli kizuri, akabaki. Nililala kifudifudi mbele ya wafanyabiashara wote wa Bunia, nikaingiza uso ndani ya pipa nikamwambia maneno ya upendo mpaka akatoka, na nilipoinuka kikwembe kilikuwa kimelegea. Mazoezi yaliyobaki niliyamaliza nikikishika kwa mkono mmoja.

Kisha nikamwita Sultani. Hakuja. Alisimama mwanzo wa ubao ananitazama, mguu mmoja juu. Nikaita tena, mkia ukashuka. Nikasema moyoni, huyu ndiye atakayewaua wenzake. Halafu nikaona anachokiangalia. Nilikuwa bado nimeshika mwiko. Nikautupa mbali, ukaanguka vumbini, nikachuchumaa na kusema, "Sultani, kuja." Akaja. Alikuja juu ya ubao, ndani ya gurudumu, juu ya vijiti, ndani ya pipa, na hakusimama mpaka kifua chake kilipogonga kifua changu tukaanguka wote wawili.

Dona alikuwa wa mwisho. Alifanya yote kwa mwendo wa bibi anayekwenda kanisani. Alipomaliza aliendelea kutembea mpaka kwenye meza ya wageni, akala sahani moja ya nyama, akapanda kiti alichokiacha muganga aliposimama, akakaa. Hayo mimi sikumfundisha. Wageni wakapiga makofi, muganga naye akacheka, akafunga mfuko.

Patroni akamgeukia Shefu. "Gaspari, nani alifundisha hii?"

Vijana, Shefu alikuwa na kila sababu ya kusema ni yeye. Alikuwa na yunifomu mpya na karatasi ya Kinshasa, na watu wote waliamini kwamba mpishi amemsaidia tu kidogo. Niliona mdomo wake unajitayarisha. Ningekuwa mimi, ningesema. Mkono wake ulikuwa bado umening'inia chini, pale nilipomwambia aushushe, na Rex alikuwa amesogea nyuma yake. Alinusa ule mkono. Aliunusa tena, halafu akaulamba.

Shefu akaangalia chini. Katika miaka miwili hakuna mbwa aliyewahi kumlamba.

"Ni mupishi," alisema. "Na muzee wa mulango. Miye nilizifundisha kuuma tu."

Mbwa wakabaki. Patroni alisema tangu siku hiyo asubuhi zangu ni za mbwa, na mpishi mwingine atafutwe. Muzee Androzo alikataa kuacha mlango wake, lakini kila saa sita alikuja nyuma ya ghala kunisahihisha, mpaka alipochoka kazi akarudi kwa watu wake. Nilifanya kazi hiyo mpaka magoti yakakataa. Dona alikufa kwa uzee, amelala mlangoni mwa jikoni.

Nyinyi, kesho msianze na pipa. Kwanza huyo mbwa apate chanjo ya kichaa, halafu nitawasikiliza. Asubuhi kabla hajala, chukueni vipande kumi vidogo na neno moja, mkae naye muda wa chai kuchemka. Akikosa, nyamazeni. Mkiona hasira inapanda, mfungeni mbwa, mkatembee nyinyi.

Na Shefu Gaspari mnauliza alikwenda wapi. Hakwenda popote. Jumatatu baada ya onyesho lile alifika jikoni asubuhi na mapema, bila filimbi. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Mama Masika. Tunaanza na nini?"

Kulikuwa na mengi ya kujibu. Lakini nilikumbuka aliniita ndoki, na mimi ni mtu, si malaika.

"Tunaanza na kukosha sufuria za imbwa, Shefu."

Hilo halikuwa na uhusiano wowote na mafundisho ya mbwa. Alizitazama zile sufuria. Alikunja mikono ya shati, akainama, akaanza kukosha. Alikosha vibaya mno, bugali lilibaki limeganda chini, na maji mengi yaliishia kwenye buti zake. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Nikayameza.

"Muzuri sana, Shefu," nikasema, nikampa chai ya moto na mkate.

Kesho yake alikuja tena, na sikuwa nimemwita.